Mtoto Aliyeshushwa Ngelele

Nianze?

Anza!

Nisianze?

Anza tu!

Basi sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso, maana mwishoni nitauliza swali, na atakayetazama chini nitamtaja kwa jina.

Zamani, lakini si zamani sana, kwa sababu magari yalikuwepo na bei za spea zilikuwa zimeshaanza wazimu wake, palikuwa na kijiji kiitwacho Udilima, juu kabisa kwenye milima ya viazi na ukungu. Kijijini humo waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Mzee Ombeni, na kipaji chake kilikuwa kutunza. Alikuwa na pikapu iliyokaa juu ya mawe miaka nenda miaka rudi, haina matairi, haina giaboksi, lakini kila asubuhi aliifuta umande. Viazi vikimlipa hununua spea moja, huifunga kwenye nailoni na kuitundika ukutani sebuleni, pale ambapo wenzake hutundika picha za harusi. Hata matairi alikuwa nayo ndani; kilichokuwa kimebaki kununua ni giaboksi tu. Kila akishuka mjini na fedha aliyotajiwa msimu uliopita, anakuta bei imeshapanda. "Mimi na bei ya spea tunafukuzana," alikuwa akisema, "na mwenzangu ana miguu mirefu." Watu walimcheka, na yeye alicheka nao, kisha akarudi kuifuta pikapu yake.

Wa pili alikuwa fundi Lusungu, mwanamke wa makamo, na kipaji chake kilikuwa mikono. Spea zilipozidi kuwa ghali, watu waliacha kununua wakaanza kumpelekea yeye vilivyokufa ili avifufue. Alichonga, alichomelea, alikata mpira wa hiki akauvalisha kile. Tena alishika mila ya mafundi wa Udilima: ukigusa breki za gari, safari yake ya kwanza unapanda. Breki zisiposhika, fundi awe wa kwanza kujua. Ndiyo maana Udilima mafundi wa breki walikuwa wachache, na waliokuwepo hawakufanya mzaha.

Wa tatu alikuwa dereva Tumsifu, na kipaji chake kilikuwa moyo. Pikapu yake, aina moja na ile ya Mzee Ombeni, ndiyo iliyokuwa gari pekee linalotembea kijijini. Ilibeba viazi, ilibeba mabati, ilibeba wagonjwa na maharusi. Na barabara ya kwenda mjini ni moja tu, inapita mteremko wa Ngelele, ambapo kushoto una ukuta wa mlima na kulia huna kitu. Tumsifu aliushuka kila wiki huku anapiga mluzi.

Ila Tumsifu naye alikuwa binadamu. Oili ya breki ilipopanda bei, akaanza kujazia oili ya injini. Fundi Lusungu alimwonya. "Oili ni oili, dada," Tumsifu akajibu. Nyinyi wenye magari mnaguna, naona. Mnajua kwamba oili ya injini huivimbisha mipira ya breki polepole, mpaka siku moja unakanyaga pedali inazama yote, na gari halina habari na wewe.

Siku hiyo ilifika asubuhi yenye mvua, na ilichagua vibaya.

Tusekile, binti pekee wa Bibi Sekela, alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mtoto hatoki. Nesi wa zahanati akamgusa tumbo, akamgusa tena. Kisha akamvuta Bibi Sekela pembeni. "Mtoto amekingama, mama. Hapa siwezi. Apasuliwe, tena leo, kabla jua halijazama. Tukichelewa tunawakosa wote wawili."

Akapiga simu hospitali ya mjini kuomba gari la wagonjwa. Akajibiwa kwamba gari limelala, linasubiri spea.

Bibi Sekela akatoka nje, mvua inamnyeshea, kanga imemshika mwilini, akasema mbele ya watu wote waliokuwa wamejikusanya: "Nisikilizeni. Atakayemfikisha mwanangu hospitali akiwa hai, mtoto huyu ataitwa jina lake. Jina moja, la mtu mmoja. Nimeapa, na sitageuza."

Subirini niwaeleze, maana kuna wageni hapa. Udilima jina si la kuitana tu. Unayeitwa jina lake ni somo wako, na wewe ni somo wake. Akizeeka, wewe ndiye wa kumchotea maji. Akifa, unakalia kigoda chake, na watu wanakuamkia kama walivyomwamkia yeye. Asiye na somo akifa, kigoda chake kinachomwa na jina lake halitajwi tena. Na wale watatu, kila mtu kwa bahati yake, hakuna hata mmoja aliyekuwa na mtoto wa kubeba jina lake.

Tumsifu akaleta gari mbio mpaka mlangoni pa zahanati, akakanyaga breki, pedali ikazama. Pikapu ikapita mlango, ikapita watu wakiruka huku na huku, ikasimama kwenye tuta la viazi. Wote walikuwa wanaiona Ngelele akilini.

Fundi Lusungu akaingia chini ya gari kwenye matope, akafungua, akatoka na kipande cha mpira kimevimba. "Oili ni oili, eh?" akamwambia Tumsifu. Tumsifu alitamani ardhi ipasuke. "Masta silinda imekufa," fundi akasema. "Ile pampu ya breki yenyewe. Hii sifufui, hata nikipewa mwezi mzima."

Duka la karibu lenye masta silinda lilikuwa mjini, chini ya Ngelele.

Hapo ndipo macho yote yalipogeuka kumtazama Mzee Ombeni. Yeye akatazama viatu vyake. Masta silinda anayo, mpya, iko ukutani, pamoja na mipira yake na chupa ya oili ya breki haijafunguliwa. Alikuwa ameinunua kwa mavuno ya misimu miwili, na tangu hapo bei yake ilikuwa imepanda mpaka hata kuiulizia aliona aibu.

"Mzee, shikamoo," Lusungu akasema taratibu.

"Marahaba. Najua unachotaka." Ndani Tusekile akapiga kelele, mzee akageukia mlango. "Mnajua nikiitoa hiyo, gari langu ndiyo basi? Mnajua? Umri huu sitanunua nyingine."

"Tunajua, mzee."

Mzee alisimama pale muda ambao Bibi Sekela hakuusahau. Kisha akageuka, akaenda nyumbani kwa miguu yake mizee, akaiteremsha masta silinda ukutani, na akapita mbele ya pikapu yake bila kuitazama. Akamkabidhi fundi. "Chukua kabla sijabadili mawazo," akasema.

Lusungu akafanya kazi mvua inamwagika shingoni. Akaosha mabomba, akafunga masta silinda, akavalisha mipira mipya magurudumu ya mbele. Kufika nyuma, mipira imekwisha. Alichofanya ni hiki: akalikata bomba linalopeleka oili nyuma, akalikunja, akalipondaponda kwa nyundo mpaka likaziba, oili isivujie nyuma.

"Una breki za mbele tu," akamwambia Tumsifu. "Ukizikanyaga sana zitachemka, zikichemka zitakuacha. Shuka na gia namba moja."

"Na wewe?"

"Mimi nimegusa breki. Napanda." Akarukia nyuma ya pikapu akiwa amekumbatia gogo la kuzuia tairi. Mzee Ombeni akabaki zahanati, kwa sababu mbele nafasi haikuwepo, na nyuma, kwa umri wake, asingeweza kujishikilia. Tusekile akalazwa mbele, kichwa mapajani mwa mama yake.

Ngelele siku hiyo ilikuwa matope na ukungu. Tumsifu hakupiga mluzi. Alishuka kwa gia namba moja, injini inalia, na akizigusa breki anazigusa kidogo tu. Kona ya kwanza wakapita. Nyingine wakapita. Bibi Sekela alikuwa akimwimbia binti yake wimbo wa kanisani huku amefumba macho, asione upande wa kulia.

Kwenye kona ya mwisho, ile kali kuliko zote, harufu ya kuungua ikaingia ndani. Tumsifu akakanyaga. Pedali ikawa laini. Akakanyaga tena. Gari likaongeza kasi, likaanza kuserereka kwenda kulia.

Tumsifu akafanya jambo ambalo hakuna dereva anayependa kulifanya. Akakata usukani kushoto, akalipiga gari lake mwenyewe kwenye ukuta wa mlima. Taa zikapasuka, ubavu ukachanika, jiwe likatoboa rejeta. Gari likapunguza mwendo, lakini halikusimama. Nyuma yake ikazidi kutelezea kwenye bonde.

Lusungu akaruka. Akakimbia sambamba na tairi la nyuma, akalisukuma gogo chini yake kwa mikono miwili. Tairi likapanda gogo, likapanda na mkono wa kulia pamoja nalo, likasimama. Walipomtoa, vidole viwili havikuwa vidole tena. Alijifunga kwa mtandio wake mwenyewe, akapanda, akagonga bodi mara mbili kwa mkono mzima. "Twende! Nini mnanitazama?"

Kutoka hapo barabara ni tambarare, lakini rejeta ilikuwa inamwaga maji yote. Dereva yeyote anajua: injini isiyo na maji unaizima, la sivyo inakufa. Mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu. Tumsifu akautazama, akamtazama Tusekile, ambaye sasa alikuwa amenyamaza, na kunyamaza kwake kulitisha kuliko kelele. Hakuzima. Injini ikagonga, ikatoa moshi, ikaendelea kugonga mpaka mlangoni pa hospitali, na hapo ikafa, wala haikuwaka tena. Kununua injini nyingine kwa bei za siku zile ni sawa na kununua mlima.

Tusekile akapasuliwa. Mtoto wa kike, akalia. Mama mzima, mtoto mzima.

Hapo mngetaka tupige vigelegele twende zetu kulala. Kaeni chini.

Siku ya kutoa jina wote watatu walikuja. Walikuja wamevaa nguo zilizonyooshwa, wakakaa mbalimbali.

Mzee Ombeni akasema: "Mimi sikushuka Ngelele. Lakini mngeshuka na nini? Nilichokuwa nakingoja maisha yangu yote nilikiteremsha ukutani kwa mikono hii. Naomba mtu wa kukalia kigoda changu."

Tumsifu akasema: "Gari lilikuwa ugali wangu. Nililipiga mlimani mwenyewe, na injini niliiua huku naiona inakufa. Leo nalima vibarua. Nisingekuwa mimi, wangekuwa bondeni."

Lusungu hakutaka kusema. Akauweka mkono wake uliofungwa bendeji mezani. Baadaye akasema: "Huu ndio uliokuwa unafunga nati. Kila mtu hapa amepoteza kitu cha gari. Mimi nimepoteza cha mwilini, na hakuna duka linalokiuza."

Ndipo maneno yakaharibika. Mtu wa upande wa Tumsifu akamwambia Mzee Ombeni kwamba alisimama akifikiria spea huku mtu anakufa. Mzee akajibu kwamba wengine wasingetia oili ya injini kwenye breki, kusingekuwa na cha kufikiria. Tumsifu, kwa hasira, akamwambia Lusungu kwamba breki zilizochemka ni alizofunga yeye. Lusungu akasimama akaondoka, na tangu siku ile hao watatu hawasalimiani, na mtoto anaitwa Mgeni tu, mpaka apate jina.

Msiniambie wamgawie majina yote matatu. Bibi ameapa jina moja. Msijifiche kwenye mambo ya kike na kiume; Ombeni, Lusungu na Tumsifu ni majina ya yeyote. Na msinitajie watoto watakaofuata. Daktari amesema Tusekile hatazaa tena.

Tuseme tuko Udilima, na kesho ni ubatizo. Mchungaji atamshika mtoto juu ya maji, atamgeukia Bibi Sekela na kuuliza: "Anaitwa nani?" Wote watatu watakuwa wamekaa benchi la mbele, na bibi anajua kwamba jina moja litakapomtoka mdomoni, siku moja vigoda viwili vitachomwa moto.

Wewe unayetazama chini, ndiyo, wewe. Mchukue mtoto, mshike vizuri. Mchungaji ameuliza, kanisa linangoja. Unamwita nani?