Moto Gotini mwa Bi Mize

Mwape kwanza kwamba haya hayatoki hapa. Mmeapa? Mie niliapa pia, na nyie ni kundi la saba kuwaambia.

Ndani ya goti la Bi Mize, yule msuka mikeka, mna mji. Mlinzi wake mkuu ni Faki, seli nyeupe ya damu, na kipaji chake ni moto: adui akiingia, humchoma. Ila mila ya mji haimruhusu kuwasha kienge, mwenge wake, mpaka afungwe kitambaa chekundu mkononi.

Kipaji cha Kidawa ni kufunga. Akisikia mlinzi kapiga yowe, huja mbio akakaza fundo.

Kipaji cha Makame ni kufungua. Adui akifa, hulegeza fundo, na moto ukazimika. Wasomi huwaita hawa wawili vimeng'enya. Jina kubwa, kazi yenyewe ni fundo tu.

Basi Bi Mize akapiga goti juu ya mwiba. Vijidudu vikamiminika. Faki akapiga yowe, Kidawa akafunga, walinzi wote wakawaka, goti likavimba kama boga. Siku ya tatu hapakuwa na kijidudu hata kimoja, na Makame akaanza kufungua.

Balaa likaanzia hapo. Mlinzi aliyefungwa hupiga yowe hata asipoona adui, na yowe likisikika Kidawa hufunga. Makame akifungua mmoja, wanafungwa wawili. Vidole vikamchubuka. Akamsihi Kidawa apumzike japo kidogo; Kidawa akamjibu kwamba yeye kaumbwa na masikio, macho hakupewa. Akamwendea Faki, naye akamcheka, eti mwoga hajui utamu wa moto.

Makame akalitazama gegedu, ule mto laini wa goti, ambao ukishaungua hauoti tena. Lilikuwa limebaki jembamba kama ukucha. Akaona afungue asifungue, yote mamoja. Akakaa kitako, mikono kaipakata.

Huko juu Bi Mize akataka kuinuka, asiweze. Mkeka wa harusi ya bintiye ukabaki nusu. Kilio chake kikawatoa wakaazi wote wa goti, wakamkuta Faki kienge mkononi, kipande cha mwisho cha gegedu kinafuka moshi, Kidawa yu ubavuni mwake anakaza fundo, na Makame yupo hatua tatu, anatazama.

"Adui sikumwona," Faki akasema. "Lakini nimefungwa."

"Nimekufunga kwa kuwa umepiga yowe, ndugu yangu."

Wakamgeukia Makame. "Nilichoka," akasema.

Adhabu ya mji ule ni moja, kutupwa nje pamoja na usaha. Wakimtupa Faki, mwiba ujao utamuua Bi Mize. Wakimtupa Kidawa, hakuna atakayewaamsha walinzi. Wakimtupa Makame, moto hautazimwa milele. Wasipomtupa mtu, goti la pili li karibu kuungua.

Haya, nyie mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo: mngemtupa nani?