Jina Moja kwa Mwanga wa Ukingoni

Sogeeni karibu, na anayetaka kucheka aahirishe, maana hadithi ya leo inaniudhi hata kabla sijaianza.

Palikuwa na nyumba ya darubini mlimani, na ndani yake watu watatu wenye vipawa. Shemdoe alikuwa na subira: aliielekeza darubini kwenye galaksi ileile msimu baada ya msimu asichoke. Kiangi alipenda usafi. Doa la mwanga ambalo wengine hawakulijali, yeye lilimkera. Nakijwa alikuwa na kipaji cha kupima.

Mkubwa wao, Profesa Lukindo, alikwisha kutangaza kwamba galaksi ile yenye mikono iliyojikunja inakoma ghafla pembeni, kama sahani. Baada ya hapo, alisema, ni giza tupu.

Shemdoe hakuamini. Alipiga picha nyingi, akazirundika moja juu ya nyingine, mpaka pembeni pakatokea ukungu hafifu wa mwanga.

"Huo ni uchafu," Profesa akasema. "Ufuteni."

Kiangi akaondoa mng'ao wa nyota za jirani, lakini ukungu ukabaki. Ndipo akaliona kosa. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kupima mwangaza wa anga kando ya galaksi, kisha kuutoa kwenye picha. Profesa alipima karibu mno, penye mwanga wa galaksi yenyewe, akautoa nao, kama mtu anayeengua povu akamwaga na maziwa. Kiangi akapima mbali zaidi, na mwanga ukarudi.

Nakijwa akaupima duara baada ya duara, kutoka katikati kwenda nje. Ulipungua taratibu, ukafika mahali ukaporomoka, na alipodhani umekwisha akaukuta bado unaendelea, hafifu, nje kabisa ya ule ukingo uliotangazwa. Ukungu ule ulikuwa mwanga wa nyota.

"Galaksi haikomi pale," akasema. "Sisi ndio tulioikata."

Sasa sikilizeni fedheha yenyewe. Katika nyumba ile, ugunduzi hupewa jina la mtu mmoja tu, na likishaandikwa halifutwi.

"Bila picha zangu mngepima nini?" Shemdoe akauliza.

"Picha zako zingefutwa kama uchafu," Kiangi akajibu.

"Na mngebaki mnakodolea macho ukungu msioujua," Nakijwa akasema.

Wakaomba yaandikwe majina yote matatu. Profesa akakataa katakata.

"Nileteeni jina moja kabla mkutano wa leo wa kutangaza ugunduzi haujafungwa. Mkishindwa, nitaweka langu."

Yaani yule aliyeufuta mwanga ndiye auite kwa jina lake, mchana kweupe, bila hata haya. Mimi damu inanichemka. Nao watatu bado wanabishana, kila mmoja akiwa na haki yake, na Profesa ameshika kalamu anatabasamu.

Msiniambie kwamba wote wanastahili. Hilo nalijua, na mkiishia hapo mmempa Lukindo. Haya, wewe uliyekaa kimya hapo: ungeandika jina la nani?