Mtamba wa Darasa la Sita

Nilikuwa nimesimama mbele ya walimu kwenye semina mjini Singida, nimevaa shati lililopigwa pasi mpaka likaogopa kukunjika, nawaambia kwamba zama za chaki zimekwisha. "Mwalimu wa leo," nikasema, "anamshika mwanafunzi kwa teknolojia!" Nikaunganisha simu yangu na projekta. Ukutani, kwa herufi ndefu kuliko mtoto wa chekechea, ukatokea ujumbe wa mke wangu ulioingia dakika ileile: *Baba Tunu, umesahau tena dawa ya fangasi za miguu. Usivue viatu mbele za watu.*

Hakuna mwalimu aliyesinzia. Sijawahi kuona darasa lililoshikwa na teknolojia kiasi kile. Wakatazama ukuta, wakatazama viatu vyangu, wakarudi ukutani. Nikabonyeza kila nilichokijua, herufi zikazidi kunenepa. Mwalimu Mughwai, mama mtu mzima wa mstari wa mbele aliyekuwa akifuma kitambaa cha kochi, akasema bila kuinua uso, "Pole, mwezeshaji. Endelea tu, tunajifunza."

Mimi nimesafiri. Nimeaibika Bujumbura, nimeaibika Mombasa, nimeaibika Muscat kwa lugha ambayo hata siijui. Kote huko nimetoka na elimu moja tu: ukiaibika, simulia hadithi upesi. Nikachomoa waya, nikavuta kiti, nikaketi na miguu nikaificha chini ya meza.

"Walimu, niwape au nisiwape?"

"Tupe, tuone kama hii itatuhusu!"

Nikawapa.

Hapo zamani, wala si zamani za sungura na fisi, ni hizi zamani za juzi, simu zilipokwisha kuwa na akili na sisi wenye simu tukaanza kupunguza zetu, palikuwa na shule ya msingi kwenye miteremko ya Rungwe. Kule mvua hainyeshi, inahamia. Na katika shule hiyo palikuwa na Darasa la Sita.

Watoto wazima kabisa. Masikio wanayo, macho wanayo, madaftari yao safi. Shida ilikuwa mdomo. Mwalimu akiuliza swali, Darasa la Sita linatazama bati. Akiuliza tena, linatazama bati. Akichora, akibembeleza, akitishia: bati. Aliyejibu alikuwa mmoja, kiranja Gwakisa, naye alijibu kwa sauti ya mgeni rasmi. Akipatia, wenzake wanasema "Ndiyooo." Akikosea, wanasema "Ndiyooo" ileile. Mwingine akithubutu kujibu na akakosa, anachekwa mpaka wiki inaisha.

Sasa katika darasa hilo alikuwemo binti anaitwa Sekela. Kwenye mitihani ya kuandika, alama zake nzuri. Kujibu kwa mdomo, hakuna aliyewahi kumsikia tangu la kwanza. Na baba yake ndiye Mzee Kasyupa, mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu wa ng'ombe na maneno machache. Siku moja akaingia ofisi ya walimu, akakataa kiti.

"Walimu wangu, kwangu nina ndama, nina kuku, nina mke. Wote wana sauti. Huyu binti ananipitia kila asubuhi anakuja kwenu, mwaka wa sita huu, na walimu mnaniambia hajibu. Asiyejibu anasoma nini? Shangazi yake ana mgahawa Kiwira. Kuosha sahani hakuhitaji mdomo. Siku ya kufunga shule nitakuja kukaa darasani. Akisema, atasoma. Asiposema, anakwenda Kiwira. Na atakayemfungua mdomo, nina mtamba mwenye mimba. Ni wake."

Akatoka.

Mtamba, jamani! Tena mwenye mimba! Mshahara ukiingia unatoka, lakini ng'ombe akiingia anazaa. Tangu siku hiyo upendo wa walimu kwa Sekela ukaongezeka sana.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mwalimu Ambakisye, kijana wa sayansi, mwenye simu kubwa na imani kubwa zaidi. "Hawa watoto si mabubu," akasema. "Wanaogopa kuchekwa. Mimi nitawapa mdomo usiochekwa." Akatoa kadi. Kila mtoto kadi yake, katikati ina miraba myeusi, na pembeni, kila upande, herufi moja: A, B, C, D. Mwalimu anauliza, mtoto anaigeuza kadi yake mpaka herufi ya jibu lake inakaa juu, anainyanyua. Mwalimu anaipitisha simu juu ya vichwa kama mpiga picha wa harusi, na simu inaisoma ile miraba: fulani kapata, fulani kakosa. Hakuna kelele, hakuna anayejua cha mwenzake. Ile kazi ikampendeza kila mtu, hata Mwalimu Mkuu aliyekuwa anaitumia simu yake kama tochi.

"Kadi hizi," Ambakisye akawaambia watoto siku ya kwanza, "mzitunze kama madaftari yenu. Sawa?"

"Sawaaa!"

Hilo lilikuwa kosa. Mtoto wa shule ukimwambia atunze kama daftari, atafanya nini? Atajalidi! Asubuhi yake Darasa la Sita lote limekuja na kadi zilizofunikwa magazeti, zimenyooka, na mbele mwandiko mzuri: Jina. Darasa. Somo: Kadi. Ambakisye akaipitisha simu. Simu haikuona mtoto hata mmoja. Iliona tangazo la mbolea, nusu ya mechi ya mpira, na mheshimiwa mmoja akikata utepe mara nyingi.

"Bandueni!" akapiga kelele.

Wakabandua. Lakini walikuwa wamebandika kwa uji mzito wa sembe, na uji wa sembe ukishika haujui adabu. Gazeti likatoka na miraba ya kadi.

Ambakisye akaketi kwenye ngazi ya ofisi, kichwa mikononi. Ndipo akaja wa pili, Mwalimu Bupe, mama wa Kiswahili, ambaye simu alikuwa akiishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Wewe mtoto, unalilia maboksi? Niletee rula."

Akakata maboksi ya sabuni. Akachora miraba yote upya, kadi baada ya kadi, kwa rula na dawa ya viatu, na simu ikaisoma bila kigugumizi. Na herufi? Mwalimu Bupe anaandika hati iliyomfanya awe anaandika mabango ya harusi za kata nzima. Kwenye kadi za Ambakisye herufi zilikuwa ndogo kama mbegu za mchicha, mtoto aliyeketi kando asizione. Bupe hakulijua hilo. Yeye akaona ni umaskini. Akaandika A yenye mabega, B yenye kitambi, C, D, zote za kuonekana kutoka barabarani.

"Sasa hizi ndizo herufi," akasema.

Hilo likawa kosa la pili. Maana tangu hapo Darasa la Sita lote lilinyanyua kadi likiwa limekwisha kuitazama kadi ya Gwakisa. Simu ikatoa habari njema kila siku: darasa zima jibu moja! Ambakisye akafurahi. "Wameelewa kwa pamoja!" akasema. Wote isipokuwa Sekela. Yeye alinyanyua lake.

Mvua ikaendelea kukaa. Siku ya kufunga shule ikafika, na jua halijaonekana wiki nzima. Simu ya Ambakisye ikawa inakata roho. Akakimbia kwa wa tatu: Asagwile, kinyozi, mwenye betri ya sola pekee pale senta. Akamkuta Mzee Kasyupa kwenye kiti, shuka shingoni, kichwa kimeshanyolewa upande wa kulia. Betri nayo inapepesa taa nyekundu.

"Asagwile, ndugu yangu, dakika chache tu za chaji!"

Asagwile akatazama betri. Imebaki nguvu ya kitu kimoja: mashine ya kunyolea au simu. Naye ana mtoto Darasa la Sita. Akachomoa mashine.

"Mzee, samahani. Elimu kwanza."

"Nini?"

"Nimalizie kwa wembe?"

"Wembe kichwani mwangu? Haingii!"

Mzee akavuta kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, akaenda shuleni hivyohivyo. Tuseme kweli, nalo ni kosa: mwenyekiti wa kamati haachwi nusu.

Wazazi wakajaa darasani. Mvua juu ya bati kama mtu anamwaga maharage. Mzee Kasyupa akaketi nyuma. Mtamba amefungwa nje chini ya upenu. Ambakisye akaandika ubaoni: *Kati ya hawa, yupi si mdudu? A. Siafu. B. Buibui. C. Nzi. D. Nyuki.* Gwakisa akawaza kwamba siafu anatembea kwa gwaride, kwa hiyo huyo ni askari, si mdudu. A. Darasa likaona. A, A, A, A, msitu wa A zenye mabega. Katikati, B moja.

Sasa sikilizeni. Usiku uliopita Ambakisye, kwa kuwahi chaji isiishe, alipokuwa anaiwekea simu majibu, kidole kilimteleza. Simu ilikuwa imeambiwa kwamba jibu ni A. Akaipitisha, ikampa orodha, naye kwa furaha ya mtamba akasahau sheria yake mwenyewe ya kutomtaja aliyekosa, akasoma kwa sauti: "Wote wamepata! Isipokuwa Sekela!"

Darasa likacheka. Mnakijua kile kicheko. Sekela akaliangalia bati.

Nyuma Mzee Kasyupa akasimama kwa hasira. "Nyamazeni!" Na kama mtu wa heshima anayetaka kusikilizwa, akavua kofia.

Kicheko kikahama. Kilitoka kwa mtoto kikaenda kwenye kichwa cha mzee, upande mmoja kinang'aa, upande mmoja msitu. Wazazi wakacheka, watoto wakacheka, Mwalimu Mkuu akainama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka. Hakuna tena aliyemtazama Sekela. Na hapo, asipotazamwa na mtu, Sekela akasimama.

"Simu imekosea."

Kicheko kikakatika.

"Siafu ana miguu sita. Buibui ana minane." Akanyoosha kidole kwenye kona ya bati. "Yule pale. Hesabuni."

Darasa zima, wazazi wote, kwa mara ya kwanza likatazama bati kwa faida. Minane. Ambakisye akaitazama simu, akalitazama bati, akakubali: minane.

Hapo ndipo fujo ilipoanza. Mzee Kasyupa akarudisha kofia, akatoka nje, akarudi ameishika kamba ya mtamba.

"Nimesikia. Sasa mniambie aliyemfungua. Nikimjua, mtamba wake, na binti nitamwacha mikononi mwake asome. Msipomjua, basi ilikuwa bahati, na bahati haisomeshi mtoto. Anakwenda Kiwira. Nani?"

"Mimi, mzee wangu," akasema Ambakisye. "Kadi niliileta mimi. Ndiyo iliyomzoesha kuwa na jibu lake. Na nisingekosea kuweka jibu, angesahihisha nini? Kosa langu ndilo lililomfungua."

"Kijana, kaa," akasema Bupe. "Kadi zako zililiwa na uji. Zilizonyanyuliwa leo ni zangu. Na nisingeandika herufi kubwa, hawa wote wangejibu kila mtu kivyake, na mtoto asingejikuta yuko peke yake na ukweli. Mtu akibaki peke yake na ukweli ndipo anaposema. Kosa langu ndilo."

"Walimu wangu, shikamooni," akasema Asagwile. "Mimi sikusoma. Lakini simu ilizungumza kwa chaji ya nani? Na mtoto alikuwa amekwisha kuliangalia bati, mlimwona. Kilichomwinua ni kicheko kuhama. Kilihamia wapi? Kwenye kazi yangu. Mzee, bila nusu ile, leo usingesikia kitu."

"Hilo la nusu tutalizungumza," akasema Mzee Kasyupa.

Sekela akanyoosha mkono.

"Subiri, mama, wakubwa tunazungumza," akasema Bupe kwa upole.

Akaushusha. Wakaendelea. Akaunyoosha tena.

"Sekela, tulia, tunashughulikia suala lako," akasema Ambakisye.

Akaushusha. Akaunyoosha.

"Mnaona?" akasema Asagwile. "Hata kunyoosha mkono sasa anajua. Ni kazi yangu hiyo!"

Walimu wa Singida, mimi njia yangu inakomea hapo. Huyu kakosea jibu, yule kakosea herufi, yule kakosea kichwa, na kosa moja likipungua, binti asingesema. Mzee kashika kamba mkono huu, mkono huu kamshika mwanawe, na gari la Kiwira linapiga honi barabarani. Je, nani alistahili?

Ukumbi ukalipuka.

"Ambakisye! Ndiye mwanzilishi!"

"Mwanzilishi wa nini? Simu yenyewe imepotosha!"

"Mpeni Bupe, mama wa watu kachora kwa dawa ya viatu!"

"Kinyozi si mwalimu, atapewaje tuzo ya kufundisha?"

"Kwani mdomo uliomba cheti?"

Mmoja akapendekeza iundwe kamati. Mwingine akapendekeza mtamba azae kwanza. Nami nikazunguka katikati yao nimejaa fahari, nikisema ndiyo huku, ndiyo kule, mpaka nikafika kwa Mwalimu Mughwai. Alikuwa ameweka kitambaa chake mapajani, ananitazama.

"Na wewe, mama? Unampa nani?"

"Mtoto ana mkono juu," akasema. "Mwite."