Mzigo wa Dagaa Uliokosa Mpokeaji

"Pakieni!"

"Tumepakia!"

"Mmepakia nini?"

"Masikio!"

"Yamejaa?"

"Matupu, yajaze wewe!"

Haya, sogeeni. Na wewe unayechezea simu, sogea pia, hakuna aliyekutumia meseji.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana Kasuku wa ofisini kwa Simba alishaanza kuwaambia vijana wajiajiri, palikuwa na panya buku mmoja. Panya buku mnamjua: mkia mrefu, nusu mweusi nusu mweupe, na mashavu mawili yanayotanuka kama mifuko ya koti la mgambo. Huyu alisoma mpaka shule ikamwishia. Akaenda kwa Kasuku kuomba kazi.

"Una uzoefu wa miaka mitano?" Kasuku akauliza.

"Nimemaliza shule juzi, mzee."

"Basi jiajiri, kijana! Fursa zipo!"

"Zipo wapi?"

"Zipo!"

"Wapi, mzee?"

"Zipo, zipo, zipo!"

Kasuku akishakariri neno, ndiyo basi tena. Panya Buku akajitazama. Hana mtaji, hana mjomba serikalini. Ana mashavu. Akaanza uchukuzi.

Akapakia kunde Bondeni, chaka-chaka-chaka, akazishusha Mlimani. Akapakia chumvi Mlimani, chaka-chaka-chaka, akaishusha Bondeni. Leo soko linataka ufuta, anabeba ufuta. Kesho soko limeamka na nuksi zake, ufuta hautakiwi hata bure, anabeba mbegu za maboga. Keshokutwa mvua imechelewa, hakuna anayetaka chochote, anabeba njaa yake mwenyewe kwenda na kurudi.

Na alibeba peke yake. Mashavu yakijaa huwezi kuongea, na yakiwa matupu unakimbilia mzigo mwingine. Wateja walimwita "wewe wa mashavu". Wengine walimwita "psst". Jina lake hakuna aliyewahi kuliuliza. Jina lilikuwepo: Kibaba. Alipewa na mama yake, Bi Sikudhani, na Bi Sikudhani ndiye peke yake aliyekuwa akimwita hivyo, jioni, mlangoni mwa shimo: "Kibaba! Kibaba wee!" Mama alipofariki, jina nalo likakaa kimya.

Basi, akiwa hivyo hivyo, akaja Kifaru.

Ndi! Ndi! Ndi! Mgongo kama uwanja wa mpira, pembe mbele, macho hayaoni hata ncha ya pembe hiyo. Akasimama sokoni akatangaza: "Mimi nabeba bure! Ofa! Bure kabisa!"

Mama Kanga, aliyekuwa mteja mkubwa wa Kibaba, akapiga makofi kwa mabawa. "Bure? Bwana Kifaru, Mungu akuzidishie!" Akampa kunde zote. Na wengine wakampa. Kibaba akabaki na mashavu yamenywea kama soksi.

Mnajua kilichofuata. Wachukuzi wadogo walipokwisha kufunga kazi, Kifaru akapiga chafya, fyaa! akasema: "Ofa imekwisha. Kuanzia leo, nusu ya mzigo ni wangu."

"Nusu?" Mama Kanga akalia. "Nusu, Bwana Kifaru?"

"Mtafute mwingine, mama. Yuko?"

Hakuwepo, maana wa mashavu naye hakuna aliyemkumbuka. Kibaba akamfuata. "Shikamoo, Bwana Kifaru. Niachie walau njia ya Mlimani. Ni njia nyembamba, wewe inakukwaruza ubavu."

"Nani anaongea huko chini?"

"Mimi, mchukuzi wa hapa."

"Sikuoni, lakini nakuhurumia. My friend, biashara ni biashara. Jiajiri kwingine." Akapita, ndi, ndi, ndi, na kwato yake ikaangukia mlango wa shimo la Kibaba. Hata hakusema sori. Hakujua kama kuna kitu amekanyaga.

Kibaba akakaa juu ya kifusi cha nyumba yake. Akangoja mtu aje ampe pole. Hakuja mtu. Nani aje? Nani alijua kwamba anakaa pale? Ndani mlikuwa na akiba yake ya mwisho, kunde za kumvusha kiangazi. Akazifukua, akazitazama. Akizila, ataishi mpaka mvua, kisha basi. Akizicheza kamari, huenda akairudisha njia yake, au afe mapema. Akafikiri, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwomba ushauri, alifikiri haraka.

Sasa sikilizeni sheria ya nchi ile, maana bila hiyo mtapotea. Wachukuzi walikuwa na mwiko mmoja: mzigo ukishapanda mgongoni, haushuki mpaka mpokeaji mwenyewe aseme kwa kinywa chake, "Nimepokea." Ukiutupa njiani, umejimaliza. Hakuna mnyama atakayekupa hata punje mpaka unazikwa. Kifaru alikuwa na makosa yote duniani, lakini mwiko huo aliuheshimu, kwa sababu ndio uliomlisha.

Kibaba akazipeleka kunde zake zote ziwani kwa Mwari, yule ndege mvuvi wa mdomo mfuko, akabadilishana naye kwa gunia la dagaa. Dagaa wenyewe walikuwa wamenyeshewa mara mbili wakaanikwa mara tatu. Harufu yao ilitembea mbele yao ikiwapigia hodi. Mwari akaliweka gunia juu ya ukingo wa ziwa, akaondoka akiwa ameziba pua kwa bawa.

Kibaba akamwendea Kifaru, akamleta mpaka penye gunia. "Bwana mkubwa, kuna mzigo wa Mlimani. Mpokeaji atalipa mara mbili, gunia hili na lingine kama hili, akishapokea."

Masikio ya Kifaru yakasimama. "Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Mpokeaji nani?"

Kibaba akasogea mbele ya pembe. Akasema polepole: "Kibaba. Kibaba wa Bi Sikudhani."

Akangoja. Kifaru akafikiri. Akameza mate. "Simfahamu huyo."

"Ni mfanyabiashara, hatulii. Wewe pita ukimwita jina, atasikia."

"Na wewe nani?"

"Mimi wa mashavu tu, bwana."

"Haya, pakia!"

Kifaru akapiga magoti chini ya ukingo, gunia likabiringika, puu! likamkalia mgongoni. Mtu uliyemfilisi, uliyemvunjia nyumba, amesimama mbele yako, anakutajia jina lake lote na la mama yake, na wewe humfahamu! Jamani, wakubwa! Kifaru akaondoka mbio, ndi, ndi, ndi, akiimba:

"Kibaba! Kibaba wa Bi Sikudhani!
Mzigo wako huu, njoo upokee!"

Akaimba Mlimani, kimya. Akaimba Bondeni, kimya. Macho yalikuwa mabovu, na pua aliyoitegemea ilikuwa imejaa dagaa, hainusi kingine. Angeweza kumkanyaga Kibaba asijue, na karibu amkanyage.

Akarudi sokoni kuchukua mizigo mingine. Mama Kanga akamwona, yaani akamnusa. "Unga wangu juu ya hilo gunia? Thubutu! Wanangu wale ugali wa dagaa pasipo dagaa?"

"Mama Kanga, nisaidie, nabeba bure!"

"Beba huko huko!"

"Basi nielekezeni huyu Kibaba anakaa wapi!"

Sungura akatazama juu, Ngiri akakuna shingo. Hakuna aliyejua. Siyo kwamba walimficha. Hawakujua kweli.

Basi Kifaru akatokomea na gunia lake, na njia ikawa tupu. Chaka-chaka-chaka! Kibaba akaibeba biashara yote. Kunde kupanda, chumvi kushuka. Alishinda, jamani! Mdogo alimshinda mkubwa! Pigeni makofi.

Mmemaliza? Haya.

Alishinda, na hakuwa na wa kumsimulia. Ujanja mzuri kama ule, wa kuchekewa mpaka mbavu ziume, na angeutaja kwa nani? Angemwambia mtu jina lake, siku hiyo hiyo lingemfikia Kifaru. Shimo jipya hakuchimba, maana Kifaru alikuwa akizunguka. Alilala palipomchwea, akaamka, akapakia.

Asubuhi moja alikuwa akishusha ufuta kwa Mama Kanga. Mama Kanga akasema, "Wewe wa mashavu, huyo Bwana Kifaru amepita tena, sauti imemkauka maskini. Wewe unafika kila mahali. Hujamsikia popote mtu anaitwa Kibaba?"

Kibaba akatema ufuta wa shavu la kulia. Akatema wa shavu la kushoto. Mdomo ukawa mtupu, tayari kwa kuongea.

"Simjui, mama."

"Sijui ni mtu wa namna gani, anaitwa vile na haitiki. Hana roho. Mama yake angemwona, angejisikiaje?"

"Sijui, mama," Kibaba akasema, akaondoka bila kungoja ujira wake.

Kisha soko likafanya kazi yake. Mvua haikuja. Ufuta ukakosa bei, kunde zikakosa bei, hata bei zenyewe zikakosekana. Mama Kanga akawakusanya wanawe akahamia ng'ambo. Ngiri akahama. Kibaba akazunguka vijiji na mashavu matupu, akapiga hodi, hodi ikamrudia. Akakaa kando ya njia ya Mlimani, njia yake mwenyewe aliyoipigania, na hapakuwa na kitu cha kubeba juu yake.

Ndi... ndi... ndi...

Kifaru akaja, amekonda, gunia limemzamia mgongoni kama nundu. Akasimama karibu kabisa.

"Kibaba," akasema, bila kuimba. "Kibaba, ndugu yangu. Leo nimepita kisima cha Mlimani, kimekauka. Nimekutana na konokono, nikamsalimia, kumbe ni jiwe. Nimecheka sana. Nikasema, hii nitamwambia Kibaba."

Kibaba naye akataka kucheka. Mdomo ukafunguka. Neno lilikuwa moja tu, *nimepokea*, na lingemtoka. Kifaru angeshusha gunia, wangekaa chini wawili, wangelicheka lile jiwe. Na mvua ikinyesha, sokoni mtu yule yule angetangaza: Ofa! Bure kabisa!

Akaufunga mdomo.

"Haya," Kifaru akasema, "labda kesho." Akaanza kutembea. "Kibaba! Kibaba wa Bi Sikudhani!"

Kibaba akainuka. Hakuwa na mzigo, hakuwa na mteja, hakuwa na pa kwenda. Akamfuata nyuma, taratibu, umbali wa kutosha asisikike. Jina likaitwa kwenye kilima, akalisikiliza. Likaitwa kwenye korongo, akalisikiliza. Mpaka jua likaingia. Na tangu hapo, kila siku soko linapokosa mzigo, wanatembea hivyo wawili wao, mmoja anaita, mwingine yupo.

Ngano yangu imefika nilipochoka. Anayeitaka zaidi aifuate na miguu yake, na anayeidai ukweli akadai ofisini.

Na funzo, maana najua hamtaondoka bila funzo: vijana, jiajirini. Soko halimtupi mwenye bidii, na mwenye kampuni yake hakosi watu wa kumzunguka. Nanyi wakubwa, msiwaulize wadogo majina yao, mtachelewa kazini. Fursa zipo. Zipo, zipo, zipo.