Vumbi la Njia Panda

Wapendwa, kaeni vizuri, maana safari ya leo ni ndefu na kiti cha nyuma hakina sponji.

Kijana mmoja alikuwa anatoka chuoni Morogoro kurudi kwao Njombe, ndani ya gari dogo la mjomba wa rafiki yake. Rafiki alikuwa kwenye usukani, msichana mmoja wa darasa lao kando yake, na kijana wetu nyuma, amebanwa na mabegi. Wenzake walikuwa wanaendelea mpaka Songea. Yeye wangemshusha njiani.

Hakutulia hata kidogo. Mikumi wenzake walishangilia twiga, yeye akawa anaikodolea macho saa. Kwenye kona za Kitonga, mahali ambapo mimi, pamoja na kuzunguka kote nikihubiri, huwa nazikumbuka dhambi zangu zote bila kukumbushwa, yeye hakuliogopa korongo. Aliogopa kufika. Iringa akaomba wasimame anywe chai. Mafinga akaomba tena.

"We vipi?" dereva akamtania. "Kuna mchumba ulimkimbia huko kwenu?"

Kwani alikuwa amekimbia nini? Mwanzoni mwa muhula, baba yake alitokea chuoni bila taarifa, amevaa mabuti ya mvua, kiroba cha viazi begani. Hawa hawa rafiki zake wakauliza, "Nani huyo?" Akajibu upesi, "Mzee wetu wa shamba. Baba amemtuma." Mzee alikuwa karibu, akasikia. Akatua viazi, akawasalimia wote, akaondoka. Toka hapo kila akipiga simu anauliza tu kama viazi vilikuwa vitamu. Mnayaona mateso hayo? Angetukana ingekuwa nafuu!

Sasa kijana alikuwa ameandaa maneno. Tangu Morogoro midomo ilikuwa inacheza yenyewe: "Baba, nilikukana mbele za watu. Nisamehe." Na mpango alikuwa nao: watamshusha njia panda, waende zao, naye atembee mpaka nyumbani akayaseme faraghani. Toba safi, isiyo na mashahidi.

Walipokaribia, msichana akageuka nyuma. "Hatukushushi barabarani kama gunia la mkaa. Tunakufikisha, tumsalimie mama, tule ugali, ndiyo twende."

"Jamani, njia mbaya. Gari litaumia."

"Litaumia la mjomba," dereva akasema, akakata kona.

Kwao, mtu anayetoka mbali hafiki na mzigo wake mwenyewe. Lazima wa nyumbani amfuate njia panda, ampokee. Na hapo njia panda alikuwa amesimama mzee, mabuti yaleyale, anapunga kofia.

"Hee! Si mzee wenu wa shamba yule? Simama tumpakie!"

Yale maneno ya tangu Morogoro yalikwenda wapi? Kijana aliteleza chini ya kiti. "Siye. Kanyaga, kaka, tumechelewa."

Gari likaruka. Vumbi jekundu likamfunika mzee, na kofia yake bado iko juu.

Nyumbani mama akawapokea kwa vigelegele. "Kuna mtu alikufuata njia panda. Mmepishana?"

"Hatukumwona, mama."

Akaketi, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi. Chakula kilipokuwa kinatengwa, mzee akaingia, mwekundu kuanzia kofia mpaka kwenye nyusi.

"Mzee wa shamba!" msichana akafurahi. "Si nilisema ni wewe!"

Mama akafungua mdomo. Mzee akamtupia jicho, mama akaufunga.

"Ndiyo mimi, wanangu. Wa shamba wa hapa. Karibuni sana." Akachukua jagi na beseni, akaanza kuwanawisha mikono, kazi ambayo baba mwenye nyumba haigusi. Akamnawisha dereva, akamnawisha msichana, akamfikia mwanawe, akainama.

"Nawa," akasema taratibu. "Umetoka mbali."

Kijana akaliona vumbi la matairi yao linadondoka kutoka kwenye nyusi za baba yake, linaingia kwenye beseni. Maneno yote aliyoyaandaa yakatoroka. Alilishika lile jagi, akapiga magoti. "Jamani, huyu... huyu ndiye baba yangu."

Kisha mzee akanyoosha mikono yake juu ya beseni. "Basi mmiminie baba yako maji, ugali unapoa."

Ndugu zangu, tulioteleza chini ya kile kiti ni sisi. Tunapenda tukutane na Mungu faraghani, kwa maneno yaliyopigwa pasi kama shati la Jumapili, lakini tukikutana naye barabarani, amevaa mabuti, tunamwambia dereva akanyage. Tunadhani msamaha umekaa nyumbani, umekunja uso, unangoja tujieleze. Kumbe ulitoka zamani kuja kutupokea mzigo. Hilo vumbi usoni pake nani kamtimulia?

Je, wiki hii umempita nani ukasema "siye"? Mke uliyemwonea aibu mbele ya wakubwa? Ndugu yako asiyejua kuvaa? Usikae kupanga hotuba. Mimi hotuba ndiyo kazi yangu, na nawaambia, siku nilizohitaji kusamehewa, hotuba hazikunifaa kitu. Nenda mbele ya walewale waliokusikia ukikana, useme hata kwa kigugumizi.

Baba amekwisha kuinama, jagi mkononi. Unangoja nini? Ugali unapoa.