Mba wa Paka Mishi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa bado wakipika na kutandika mikeka, paka mmoja yatima aliishi kwa mjomba wake, Chui. Jina lake Mishi. Alikuwa mdogo wa umbo, manyoya yake ya njano yenye madoa meusi, vilevile kama ya mjomba wake.

Mishi ndiye aliyefagia, aliyechota maji, aliyepara samaki. Samaki wakiiva, Chui aliwala wote peke yake, mafuta yakimchuruzika kidevuni. Mishi alitupiwa ukoko. Na maji je?

"Mtungi ni wangu," alisema Chui. "Wewe lamba umande."

Basi ngozi ya Mishi ikakauka kama jani la mgomba. Akijikuna tu, kwaru kwaru! Mba unamwagika kama unga, manyoya yanapukutika.

Siku moja Chui alimwalika Fisi chakula. Katikati ya kula, Chui akavuta unyoya mchuzini.

"Ptuu! We mchafu! Unamlisha mgeni wangu manyoya?"

"Mjomba, si uchafu. Najilamba kutwa. Ngozi imekauka kwa njaa na kiu. Nipe japo kichwa cha samaki."

Fisi akaangua kicheko. "Kwi kwi kwi! Kipaka kidogo, kipara kikubwa!"

"Kichwa cha samaki?" Chui akanguruma. "Angusha tena unyoya mmoja humu ndani, nakutupa porini!"

Mishi akatetemeka. Si kwa woga, watoto wangu. Kwa hasira! "Ananinyima," alisema moyoni, "kisha ananiita mchafu kwa sababu ya kile alichoninyima!"

Kesho yake mchana, Chui alishiba akalala. Khoroo! Khoroo! Mishi akamnyatia. Akajikuna juu ya mkeka wa Chui kwa nguvu zote, mpaka mkeka ukajaa manyoya ya njano, manyoya meusi, na mba tele. Kisha akapiga yowe.

"Uwiii! Mjomba, amka! Unanyonyoka!"

Chui akakurupuka. Akautazama mkeka. "Mama yangu! Madoa yangu!"

"Ni ugonjwa wangu, Mjomba. Si damu yetu ni moja? Umekuingia."

"Dawa yake nini? Sema upesi!"

"Ugonjwa huu hutoka kwa njia uliyoingilia. Nikipona mimi, umepona wewe. Nisipopona..." Mishi akatikisa kichwa. "Chui mwenye kipara! Fisi atacheka mpaka avunjike mbavu."

"Nifanye nini?"

"Nipe samaki wenye mafuta, nile mimi kwanza. Maji safi asubuhi na jioni. Na unichane, taratibu, manyoya yaliyokufa yatoke."

Ebo! Dume zima la chui likajitosa mtoni, chubwi! Likavua, likapika, likachota maji, likachana.

"Taratibu, Mjomba! Au unataka kunyonyoka?"

"Samahani, mpwa wangu."

Ngozi ya Mishi ikalainika. Mba ukaisha, manyoya yakang'aa. Lakini hasira haikuisha.

Siku moja Fisi akapita, akamkuta Chui anachana. "Makubwa! Umekuwa yaya wa paka?"

"Kelele! Najitibu. Nilinyonyoka mimi!"

Hapo Mishi akasimama, macho yanawaka. "Hukunyonyoka hata unyoya mmoja. Yale yalikuwa yangu!"

"Umenidanganya!"

"Ndiyo! Nilikuomba kwa ukweli, ukanipa ukoko. Nilipokudanganya, ukanipa samaki. Basi nani kanifundisha uongo?"

Chui akaruka, vuuup! Mishi akachomoka kwenye tundu la ukuta, puruu! Chui akatia kichwa tunduni kumfuata. Kikanasa. Akavuta, akasukuma, akapiga kelele, wapi! Fisi yuko chini anagaagaa kwa kicheko.

Mishi hakugeuka. Alikwenda zake kwa miguu yenye nguvu, akajenga kibanda chake, akavua samaki wake.

Anayemnyima mnyonge haki yake, asilalamike ikichukuliwa kwa hila.