Wagombea Jina la Moto

Hutaamini, ila kuna mzee aliyewahi kumwaga maji juu ya makaa yaliyotafutwa kwa ajili ya mjukuu wake mwenyewe. Ndiyo maana watu husema: wagombea jina la moto hulala na baridi. Chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na vijiji viwili milimani, mto katikati. Lugha zao mbalimbali. Hawa wana neno lao la chungu, wale lao. Lakini moto, wote waliuita moto, na kote neno hilo lilikuwa pia jina la ukoo, maana kila nyumba mpya iliwashwa kwa makaa ya nyumba ya mama. Badala ya kujiuliza ni bibi yupi aliyewazaa wote, wazee wakabishana nani kamwibia mwenzake neno.

Mwaka huo mvua ikapiga siku nne. Upande alikoolewa mwanamke aitwaye Nakijwa meko yote yakazimika, kuni zikawa maji matupu. Mwanawe wa siku tisa akaanza kupoa miguu. Nakijwa akachukua kigae chenye majivu, akavuka mto kupalia makaa ya kuwashia meko.

Huko ng'ambo, mzee mmoja, Shekiondo, alikuwa anaota moto mlangoni na wenzake.

"Umefuata nini, binti?"

"Moto, baba."

"Hilo neno la nani?"

"Baba, mtoto anapoa."

"Nimesikia. La nani?"

Nakijwa akanyoosha kigae. "Lenu, baba. Sisi tuliiba."

"Rudia," akasema mwingine, "sikio langu hili bovu."

Akarudia. Wakacheka, wakamjazia kigae. Alipokuwa anavuka, ameinama mvua isiguse makaa, wakapaza sauti: "Mbazi! Mkweo kakiri!"

Mbazi, baba mkwe wake, akamsubiri kizingitini na mtungi wa maji.

"Umesema neno ni lao?"

"Nimesema, baba. Nipishe."

"Moto wa kutukanwa hauingii kwangu."

Akamimina. Majivu yakawa uji.

Jua halijazama, mtoto alikuwa amepoa mwili mzima.

Walipotoka kumzika, Mbazi, meno yakigongana, akauliza kama kuna hata kaa moja lililopona.

Nakijwa hakumtazama. "Jina si unalo, baba? Liote."

Wagombea jina la moto hulala na baridi. Sasa ungekuwa wewe Nakijwa, na mzee huyo anatetemeka mbele yako, ungevuka tena mto kumpalia makaa?